Saa Haiulizi Baba Yako Ana Ploti Ngapi

Hapa Kahawa Sukari kuna msichana mrefu anayecheza mpira wa vikapu. Chuo kimoja cha kibinafsi kando ya Thika Road kimempa nafasi: karo yote italipwa, yeye kazi yake ni kusoma na kucheza. Habari zilipofika mtaani watu walifurahi kwa siku kama mbili. Siku ya tatu, kwenye kibanda cha chapo, mtu mmoja akauliza bila hata kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Lakini si baba yake ana ploti mbili Wendani?" Basi hapo maneno yakaanza.

Hoja ya kwanza unaijua. Kuna watoto wa mama mboga waliokaa nyumbani na alama nzuri za KCSE kwa sababu ya karo, halafu pesa za chuo zinamwendea mtu ambaye baba yake hukusanya kodi kila tarehe tano. Hoja ya pili ilitoka kwa jamaa wa boda: "Kwani ploti ndiyo inaruka kushika ribaundi?" Tulicheka sana. Ila hakuna aliyemjibu.

Nadhani tulishindwa kumjibu kwa sababu ya neno. Kitu alichopewa yule msichana tunakiita ufadhili wa masomo, na ndani ya ufadhili kuna fadhila. Anayefadhili yuko juu, anayefadhiliwa yuko chini akipokea kwa mikono miwili, na asiposhukuru vya kutosha, methali ya punda na mateke iko tayari. Ukishaliita jambo fadhila, swali la ploti linakuja lenyewe. Nani humpa sadaka mwenye nyumba za kupangisha?

Sasa mwangalie msichana mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri yuko mazoezini. Wikendi ana mechi. Picha yake itawekwa kwenye bango la kuwavutia wanafunzi wapya, ambao watalipa karo kamili. Akiumia goti au kiwango kikishuka, nafasi yake inaweza kupewa mwingine. Kitu chenye saa za kuripoti, msimamizi na uwezekano wa kufutwa kina jina jingine katika Kiswahili. Kinaitwa kibarua. Na sijawahi kusikia mjengo ambapo foreman anamkata mtu pesa za siku kwa sababu baba yake ana ploti.

Kwa hiyo kuna vitu viwili tofauti tumevitia kwenye bahasha moja na kuandika neno moja juu yake. Kimoja ni msaada, na msaada lazima uulize nani ana nini. Kingine ni malipo, na malipo hayana haki ya kuuliza. Ukichanganya, utamfanyia dhuluma mmoja wapo: ama maskini anayenyimwa msaada, ama mchezaji anayefanyishwa kazi ya bure kwa kosa la kuzaliwa na mzee aliyenunua ploti mapema.

Hebu tuanze na msaada, maana huo naujua kwa karibu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kabla ya hapo nilijaza fomu za basari kiasi cha kuweza kuzihakiki kama riwaya. Fomu ya basari ni utanzu, manze, na una kanuni kali kuliko za shairi la arudhi. Mhusika mkuu awe amefiwa, au angalau mzazi mmoja awe mgonjwa. Mandhari ni nyumba ya mabati. Sauti ni ya unyenyekevu. Kilele ni barua ya kudai karo, na suluhu ni wewe mfadhili mwema unayesoma. Kuna mistari minne ya "eleza kwa nini unahitaji msaada", na chini yake nafasi ya muhuri wa chifu, kwa sababu umaskini bila muhuri ni uvumi tu.

Kasoro ya utanzu huu ni ile ile ya hadithi mbaya yoyote: haumtaki mtu, unamtaka mhusika. Hakuna mstari wa kueleza kwamba baba ana kazi nzuri ila hajatuma chochote tangu 2016. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mathe ana duka lakini duka lenyewe lina deni la chama. Mwenye kipaji cha kuandika hushinda mwenye shida, na mwenye shida aliyenyooka, anayesema "tuko tu hivyo, tunasukuma", huonekana kama hana njaa ya kutosha.

Mwaka 2023 serikali iliichukua fomu hiyo ikaifanya mashine. Mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu ulikuja kuwapanga wanafunzi katika bendi tano kulingana na mapato ya nyumbani. Bendi ya kwanza ni familia zisizozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Ya tano ni zile zinazopita takriban shilingi 120,000. Wa bendi ya kwanza alipangiwa asilimia 70 ya gharama kama ufadhili na 25 kama mkopo, nyumbani wakitafuta 5 iliyobaki. Wa bendi ya tano alipangiwa 30 na 30, nyumbani wamalizie 40. Kwenye karatasi inapendeza. Kisha barua zikatoka, na wanafunzi wakajikuta kwenye bendi ambazo wazazi wao hawakuzitambua, kama mtu aliyepewa jina la jirani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na maisha ya bendi yakaendelea.

Wazo lenyewe silipingi. Karo ya chuo cha umma ni mahali halali kabisa pa kuuliza nani ana ploti, kwa sababu pale hakuna anayelipwa kwa kazi. Tunagawana mzigo tu, na mwenye mabega mapana abebe zaidi. Ninachosema ni kwamba tumeona jinsi swali hilo lilivyo gumu kuuliza vizuri, hata serikali ikiwa na kompyuta zake zote. Sasa fikiria likiulizwa na kocha.

Kocha ana saa. Hicho ndicho kinachonivutia katika ufadhili wa michezo: saa haina ukurasa wa "eleza hali yako". Dakika 13 na sekunde 8 ni dakika 13 na sekunde 8, uwe umefika uwanjani kwa miguu kutoka Nandi au kwa gari la mzee kutoka Karen.

Huo muda sikuuokota hewani. Ni wa Henry Rono, mita 5,000, Aprili 1978, Berkeley, California. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambako kocha John Chaplin alikuwa amejenga kikosi cha Wakenya: Samson Kimobwa, aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, John Ngeno, na Rono mwenyewe. Ndani ya siku 81 za mwaka 1978 Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Pia alikichukulia chuo chake taji la NCAA la mbio za nyika mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Olimpiki hakukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980.

Hadithi ya Rono imesimuliwa mara nyingi, na yeye mwenyewe aliisimulia katika kitabu chake, Olympic Dream. Karibu kila anayeisimulia hufuata mtindo wa fomu ya basari. Kijana wa kijijini anaokolewa na chuo cha Marekani, anapaa, pombe inamwangusha, analala kwenye makazi ya wasio na nyumba, anaosha magari, anarudi Kenya uzeeni na kufariki Februari 2024. Kila sehemu ni kweli. Lakini huo ni usimulizi wa mhubiri. Mhasibu angeanza kwingine: huyu jamaa alikipa chuo mataji matatu ya nyika na jina lililotajwa kila gazeti la michezo duniani, akapewa karo, kitanda na chakula. Nani hapo alimfadhili nani?

Lile neno limetuharibia hata macho ya kusoma. Tukimwita Rono mfadhiliwa, mwisho wake unakuwa kisa cha maskini aliyepewa nafasi akaichezea. Tukimwita mfanyakazi, inabidi tuulize malipo yake yalikuwa kiasi gani, na pensheni ilikuwa wapi.

Kuna vyuo vilivyokataa biashara hii kabisa. Vyuo vinane vya Ivy League vilikubaliana mwaka 1954 kutotoa ufadhili wowote wa michezo. Ukiwa na mbio nzuri, kocha wa Harvard anaweza kukutetea upate nafasi, lakini pesa zitatokana na hesabu ya mapato ya nyumbani kwenu. Mtoto wa tajiri hulipa yote hata kama anakimbia kama swala. Hapo ndipo penye swali letu la kibanda cha chapo, limejibiwa kwa "ndiyo" tangu miaka sabini iliyopita.

Na jibu hilo lina matunda, tena mengine yamepandwa hapa karibu na kwetu. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972, aliyesoma Marekani kwa nguvu za miguu yake, alikuja kuwa profesa kwa jirani yetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 yeye na mwandishi Mmarekani John Manners walianzisha KenSAP, mradi wa kuwatafuta vijana wa Bonde la Ufa wenye alama za juu kabisa za KCSE na kuwapeleka vyuo kama Harvard na Yale. Wakiwa Iten, vijana hao walikimbizwa mita 1,500, wengi wao wakiwa hawajawahi kushindana maishani, ili kuona kama kuna mmoja ambaye kocha fulani angemtamani. Napenda mpangilio wake: miguu inasaidia kufungua mlango, na hali ya nyumbani ndiyo inayoamua nani alipe nini. Kila swali limewekwa kwenye chumba chake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema basi, wote wafanye kama Harvard. Wengi wanaoandika juu ya jambo hili kutoka Marekani huishia hapo hasa. Lakini wao hawaandiki kutoka Kahawa Sukari.

Novemba 2024, Madison, Wisconsin, fainali za mbio za nyika za NCAA. Wanaume anashinda Graham Blanks wa Harvard, chuo ambacho hakitoi hata senti kwa ajili ya mbio. Wanawake anashinda Doris Lemngole, Mkenya wa Alabama, chuo cha jimbo ambacho hununua mbio waziwazi. Siku moja, uwanja mmoja, mifumo miwili. Sasa chukua msichana yeyote wa Pokot au wa Marakwet anayeota kwenda kule, umuulize mfumo upi una mlango anaoweza kuufikia. Vyuo vya Marekani vyenye utajiri wa kumlipia mgeni maskini kila kitu kwa sababu tu ni maskini vinahesabika kwa vidole. Vyuo vingi vya majimbo, ambako ndiko wakimbiaji wetu wengi huenda, havina mfuko wa namna hiyo kwa wageni, na misaada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo haimhusu mwenye viza. Ukiwaambia vyuo hivyo waache saa na waanze kutazama umaskini, msichana wa Pokot hatasogea mbele kwenye foleni. Ataondolewa kwenye foleni.

Kwa hiyo kanuni inayosikika ya haki zaidi ndiyo ingemfungia mlango maskini wa mbali. Saa ndiyo sarafu pekee aliyo nayo inayokubalika kule bila mtu kuuliza imetoka kijiji gani.

Hata wenyewe Ivy League hawajatulia. Mwaka 2023 wachezaji wawili wa mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Brown walikwenda mahakamani wakidai kwamba makubaliano ya kutolipa ni njama ya kushusha bei ya kazi yao. Kesi ikatupwa Oktoba 2024. Sheria ya ushindani ya Marekani siijui vya kutosha kuibishia hukumu, ila malalamiko yao ni yale ya jamaa wetu wa boda, yamevalishwa suti tu.

Najua mtu atasema saa nayo inadanganya. Ni kweli, na hapa ndipo ninapowaelewa watu wa hoja ya kwanza. Kuogelea kunahitaji bwawa, na bwawa lina geti, na kwenye geti kuna mtu wa risiti. Tenisi ina raketi, kocha wa kulipwa kwa saa na safari za mashindano. Mtoto wa akademia hapa mtaani anaweza kurekodiwa video nzuri, akatafutiwa ajenti wa kuzungumza na makocha wa Amerika, akalipiwa mitihani mara tatu hadi alama zipande. Katika michezo hiyo utajiri umeshaulizwa, umeshajibiwa, na jibu limeandikwa kwenye saa yenyewe. Na pale pesa zinapozidi, hata mchezo wenyewe huachwa: mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua wazazi matajiri waliohonga ili watoto wao waingizwe vyuo vikubwa kama wanamichezo wa michezo ambayo hawakuicheza. Sikushangaa. Mlango wa michezo ulikuwa na mlinzi mmoja tu, na mlinzi alikuwa na bei.

Mbio ndefu zinasifiwa kuwa mchezo wa bure. Bure ni hadi siku ya barua kutoka chuoni. Halafu inakuja ada ya SEVIS, dola 350. Inakuja ada ya viza, dola 185. Jumla dola 535, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni kama shilingi 69,000. Hapo hujagusa pasipoti, mitihani ya Kiingereza, nauli ya kwenda Nairobi kwa mahojiano, wala tiketi ya ndege. Sasa rudi kwenye zile bendi za serikali. Familia ya bendi ya kwanza, yenye shilingi 5,995 kwa mwezi, ingehitaji zaidi ya miezi kumi na moja ya kutokula chochote ili kulipia karatasi hizo mbili tu. Msichana ameshashinda kwa saa. Chuo kimeshamtaka. Anashindwa na dirisha la malipo.

Pale dirishani ndipo ninapotaka swali la ploti liulizwe, kwa sauti kubwa. Hizo ndizo pesa za msaada: viatu kabla ya mashindano, nauli ya kwenda kwenye majaribio, chakula cha mazoezi, SEVIS, viza. CDF na basari za kaunti zina mazoea ya kulipa karo tu, moja kwa moja kwa shule, na hilo lina sababu zake za kuzuia wizi. Lakini karo ndiyo kitu pekee ambacho mkimbiaji aliyepata nafasi hahitaji. Tunamwandikia hundi ya kitu ambacho miguu yake imeshalipa, na kumwacha akwame kwa kile kisichokuwa na hundi.

Vyuo vya hapa kwetu navyo vingefanya jambo rahisi. USIU kule Kasarani na vyuo vya kibinafsi vinavyosajili wachezaji viwape mikataba kama mikataba: saa ngapi kwa wiki, kukiwa na jeraha nini kinatokea, na ufadhili utadumu hadi shahada au hadi kocha abadilike. Hayo yapatiwe yeyote aliyeshinda nafasi, awe na ploti au asiwe nazo. Kisha, kando kabisa, kwenye ofisi nyingine yenye mtu mwingine, uwepo mfuko wa wale ambao hata baada ya karo kulipwa hulala na uji. Mchezaji mwenzao asijue nani yuko kwenye mfuko huo. Kocha ndiye asijue zaidi, kwa sababu kocha anayejua kwamba huna pa kurudi anaweza kukufanya ucheze na goti lililovimba.

Hiyo ya kocha ndiyo hofu yangu kubwa kuhusu kuchanganya umaskini na michezo, na sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Mwenye ploti nyumbani anaweza kusema "leo siwezi, coach, naumwa". Ukifanya ufadhili wa michezo kuwa wa maskini peke yao, umemkabidhi kocha timu nzima ya watu wasioweza kusema hapana.

Marekani kwenyewe maneno yameanza kubadilika, ila si kwa wote. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, matangazo na kadhalika. Na tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, vyuo vilivyojiunga vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kibarua kimeanza kuitwa kibarua. Lakini Mkenya huenda kule kwa viza ya F-1, na viza hiyo humbana mwanafunzi asifanye kazi ya kulipwa nje ya mipaka finyu sana, kwa hiyo wengi wao hukaa mbali na pesa hizo wasije wakarudishwa nyumbani. Wanakimbia mstari mmoja, jezi moja, kocha mmoja. Wa kulia ameshakuwa mfanyakazi, na wa kushoto, aliyetoka kwetu, bado anaitwa mfadhiliwa.